Waya Nyekundu

Kijana wa Luthuli aliniuliza runinga yangu ni ya aina gani.
Nikamwambia: ya kisogo.
Akacheka hadi akakalia katoni.
"Mathe, hizo siku hizi watu hupandia maua."
Nikahesabu noti zangu mbele yake, moja moja,
ili kicheko kipate muda wa kuisha,
nikashuka ngazi na king'amuzi kwapani
kama mtu aliyetumwa mkate.

Shivachi wa nyumba ya tatu ndiye aliyekuja kufunga.
Alipiga magoti nyuma ya runinga, mahali ambapo
ufagio haujafika tangu tuhamie Maringo,
akatoka na utando kwenye nywele, kifuniko cha kalamu,
na ufunguo mdogo wenye kutu.
"Waya ni tatu," akasema, "matundu mawili."
Ya manjano ikapata nyumba. Nyeupe ikapata nyumba.
Nyekundu imebaki ikining'inia hadi leo
kama mgeni aliyefika harusini bila kadi.
Shivachi asema hiyo ndiyo hubeba sauti ya kulia.
Sijui sauti ya kulia husema nini.
Nasikia ya kushoto, nayo inanitosha.

Kisha tukagombana na umbo.
Kwanza watu wote walikuwa wamekonda,
msoma habari mrefu kama mlingoti,
mpira umekuwa yai.
Akabonyeza. Wakanona, wakajaa kioo,
lakini masikio ya dunia yakakatwa:
kuna timu ilikuwa na mabao mawili,
na nyingine ilikuwa nje ya runinga.
"Weka yote," nikamwambia, "hata ikiwa ndogo."
Ndiyo sasa juu pana utepe mweusi, chini utepe mweusi,
na dunia imelala katikati, nzima,
kama barua iliyokwama kwenye mdomo wa sanduku.
Nilifanya kazi posta miaka ishirini na sita.
Uwazi mwembamba haunitishi.

Picha ni safi, sikatai.
Safi hadi naona poda ilipoishia shingoni mwa mtangazaji.
Lakini kuna jambo sikumwambia kijana wa Luthuli.

Zamani mawimbi yakidhoofika, yalidhoofika kiungwana.
Chenga zilianza pembeni, zikaongezeka,
sauti ikakwaruza, nawe ukajua,
ukamtuma mtu nje azungushe antena:
Hapo! Hapana, rudi! Hapo hapo, usiondoke!
Na hata chenga zilipojaa, nyuma yake
bado palikuwa na mtu, kivuli chake,
anachezesha midomo,
ukaweza kukisia.

Mutinda aliondoka hivyo. Miezi kumi na minne.
Kila asubuhi chenga zaidi,
nami nikazungusha kila kilichozungushika:
mto, dirisha, kikombe, daktari.
Na hadi Jumanne ile ya mwisho nilimwona, nyuma kabisa,
akijaribu kusema jambo.
Nilisikia "ufunguo".
Nikamwambia mlango umefungwa, lala.

Hiki kisanduku hakijui kuugua.
Mvua ikishika Barabara ya Jogoo, mtangazaji hukauka
mdomo wazi, shavu limevunjika miraba miraba,
kisha buluu tupu na maneno mawili:
HAKUNA MAWIMBI.
Wala hakuna cha kukisia.

Basi usiku mwingine, habari zikiisha,
nakizima king'amuzi, naisogelea runinga
(rimoti yake ilipotea kabla ya nywele zangu kubadili rangi)
nabonyeza kwa kidole hadi stesheni za kale
ambazo hazirushi kitu tena.
Chenga zinachemka, nyeupe, kioo kizima.
Naikaribia hadi vinyweleo vya mkono vinasimama.

Ufunguo nimeuning'iniza kwenye waya nyekundu.
Nimeujaribu kwenye kabati, sanduku la bati,
kufuli ya stoo, baiskeli ya jirani.
Shivachi ananiuliza kwa nini nisiutupe.
Namwambia anishikie tochi,
bado hatujaangalia chini ya kitanda.